Mtoto ni wa Jamaa, si wa Fishi

Mara nyingi tukizungumza juu ya mila za Wayira, wale wanaoitwa pia Wanande, tunazungumza juu ya ndoa, mbuzi za mahari, majina, mavuno na mazishi. Safari hii tunataka kuziweka mila hizo mbele ya kazi moja ambayo watu wengi wanaiona kuwa ni jambo la kizungu: kazi ya kulinda watoto. Ni kazi ya maasistanti wa sosiali, ya biro ya serkali ya Mambo ya Kijamii (DIVAS) na ya ma-ONG, ya kumchukua mtoto aliyepotea, aliyetoka msituni kwa wenye silaha ao aliyefiwa na wazazi, na kumtafutia pa kukaa.

Wakubwa wa kazi hiyo wanasema kwamba inafuata njia ya jamaa, maana yake mtoto asikae katika nyumba ya watoto yatima, arudi kwa watu wake. Shauri hilo ni zuri na tunaliunga mkono. Lakini tunauliza: jamaa wanayoiandika kwenye karatasi ni jamaa ile tunayoijua sisi?

1. Watoto wa miaka hii

Msomaji wa Beni na Butembo hana lazima ya kufundishwa juu ya shida hizi, tuzikumbushe tu kwa kifupi. Mwaka wa 1996 vita vya AFDL vilipita kwetu, na neno "kadogo" likaingia katika kila nyumba. Kiisha tukawa na miaka ya RCD-K/ML, ambayo makao yake yalikuwa hapa Beni, pamoja na vikundi vya mayi-mayi kule vijijini. Tangu mwezi wa kumi 2014 mauaji yanayosemwa kuwa ya ADF yameondoa watu katika vijiji vingi vya teritware ya Beni, na wengi wamekimbilia Oicha, Beni mjini, Butembo na Lubero. Tarehe 1 mwezi wa nane 2018 serkali ilitangaza Ebola, iliyoanzia upande wa Mangina. Ilipotangazwa kuwa imeisha, tarehe 25 mwezi wa sita 2020, watu 3.470 walikuwa wameipata na 2.287 walikuwa wamekufa. Zaidi ya robo ya wagonjwa walikuwa watoto.

Kila mojawapo ya mambo hayo liliacha watoto wasio na mtu wa kuwashika mkono. Tuseme pia ukweli kwamba kazi nzuri ilifanyika. Wakati wa Ebola, hapa Beni, palifunguliwa nyumba ya watoto wadogo karibu na kituo cha matibabu, kwa msaada wa UNICEF. Walezi wake walikuwa watu walioponea ugonjwa huohuo. Kwa kuwa miili yao ilikuwa imekwisha kupigana nao, waliweza kumbeba mtoto kifuani pasipo kuogopa kama wengine. Vilevile kuna jamaa katika makartie yetu ambazo zinapokea mtoto aliyetoka msituni, zinamlisha na kumlaza pamoja na watoto wao, wakati wazazi wake wanatafutwa. Watu hao wanastahili heshima. Maneno yetu ni juu ya mambo yanayofuata, siku mtoto anaporudishwa kwao.

2. Fishi na jina

Kazi inakwenda hivi. Asistanti anamsikiliza mtoto na kujaza fishi. Kiisha jamaa inatafutwa. Ikipatikana, kunafanywa mapatanisho, mtoto anarudishwa, na baadaye asistanti anapita mara kadhaa kuangalia namna anavyoishi. Ni hatua nzuri zote. Lakini fishi tulizopata kuona zina nafasi ya jina moja la mzazi ao mlezi, na sahihi moja ao kidole kimoja. Mwenye kutia kidole ndiye anakuwa "jamaa".

Hapo mila zetu zingeweza kusaidia tangu mstari wa kwanza. Kwetu jina la kuzaliwa linapanga mtoto kati ya ndugu zake. Mumbere ao Paluku ni mvulana wa kwanza, Kambale ni wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne, Katembo wa tano, Mbusa wa sita. Masika ni binti wa kwanza. Muhindo na Kahindo wanaonyesha kwamba mama alibadilisha, alikuwa anazaa wa upande mmoja na sasa amezaa wa upande mwingine. Basi mtoto akisema "ninaitwa Kakule", amekwisha kusema kwamba kabla yake walizaliwa wavulana watatu. Wako wapi? Walikufa? Wako Kasindi, Bunia, Kampala? Mmoja wao angeweza kumpokea?

Asistanti anayejua kusoma majina hayo anapata maulizo matatu ao mane kabla hata mtoto hajaanza kuhadisia mambo yake. Asiyejua anaandika "hana ndugu" kwa sababu mtoto, kwa woga, amenyamaza. Wengi wa maasistanti ni watoto wa kwetu na majina hayo wanayo wao wenyewe. Elimu hiyo wanaiacha nyumbani asubuhi wanapokwenda kazini, kwa sababu fishi haiwaulizi.

3. Ekyaghanda ilikuwa na kazi gani

Wazee wetu walikuwa na ekyaghanda. Vijana wanaolisikia neno hili leo katika majina ya vyama wajue kwamba kwanza lilikuwa jina la mahali: kibanda cha kukutania ambamo wanaume wa mji walikaa jioni karibu na moto. Hapo walikula, vijana walisikia habari za ukoo, na mashauri yalikatwa. Shauri la mtoto aliyefiwa lilikuwa mojawapo. Nani atamkalisha? Nani atamlipia mbuzi akifika kuoa? Shamba la baba yake litalimwa na nani mpaka akomae? Jibu halikuandikwa popote, lakini lilisikiwa na watu kumi ao makumi mawili, na mwenye kulivunja alijua kwamba kesho atakutana nao wote.

Kazi ya sasa inakosa mashahidi wa namna hiyo. Baba mdogo akitia kidole mbele ya asistanti mmoja, amefanya ahadi mbele ya mtu ambaye mwaka ujao mradi wake utakuwa umeisha na gari limerudi. Akiahidi mbele ya dada zake, wajomba wa mtoto na majirani wa avenyu, ameahidi mbele ya watu anaokaa nao kila siku.

Mtu asiseme kwamba haya ni ya zamani na hayaingii katika sheria ya kisasa. Kule New Zealand Wamaori walikuwa wanalalamika kwamba serkali inachukua watoto wao na kuwaweka kwa watu wasiowajua. Mwaka wa 1989 inchi hiyo ilitoa sheria ambayo inaagiza kwamba, mambo ya mtoto yanapokuwa mazito, jamaa pana iitwe ikae pamoja. Wakubwa wa serkali wanaeleza shida, kiisha wanatoka inje, na jamaa inabaki peke yake kuzungumza na kutafuta njia. Shauri lake linapimwa, na likiwa linamlinda mtoto linafuatwa. Inchi nyingine nyingi, hata za Ulaya na Amerika, zimeiga mfano huo. Kama mila ya Wamaori imeweza kuwa sheria kwao na somo kwa wengine, kwa nini mila yetu ibaki ya ngoma za sikukuu tu?

4. Shamba ni ulizo ambalo halimo katika fishi

Sisi walimu hatujazi fishi, lakini watoto hao wanakaa kwenye mabanko yetu. Tulipata kumwona mvulana mmoja aliyerudishwa kwa baba yake mdogo baada ya miaka miwili msituni. Alirudi na begi, nguo na madaftari. Muhula wa kwanza alisoma vizuri. Muhula wa pili akaanza kukosa. Tulipofika nyumbani kuuliza, tulipokelewa vizuri, na mzee wa nyumba akatuambia kwa sauti ya taratibu: "Mwalimu, huyu mutoto ni wetu, hatumukatae. Lakini shamba ya baba yake iliisha gawanywa. Sasa akikomaa atalima wapi?"

Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza mzee huyo juu ya shamba. Walimuuliza kama anampenda mtoto, kama ana kitanda, kama atamtuma shuleni. Alijibu ndiyo, na hakudanganya. Lakini kule juu, upande wa Lubero na Butembo, udongo ni haba na watu ni wengi, na huku Beni mashamba mengi yako mahali ambapo watu wanaogopa kwenda. Katika hali hiyo yatima anayerudi anaonekana kama mtu anayekuja kudai mali. Hapo ndipo maneno yanapoanza: huyu ni mayi-mayi, huyu ataleta maaskari nyumbani, huyu usiku anaota vibaya, huyu ni mchawi. Mara nyingi ukifuata maneno hayo mpaka kwenye shina lake, unalikuta shamba.

Sheria hapa iko wazi. Kodi ya Jamaa ya mwaka wa 1987, iliyosahihishwa mwaka wa 2016, inasema kwamba watoto wa marehemu, wavulana kwa wasichana, ndio warithi wa kwanza, na robo tatu za urithi ni zao. Katiba ya 2006, katika kipengele cha 41, inakataza kumtupa mtoto, kumtesa na kumshitaki uchawi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 inamlinda mtoto mpaka atimize miaka 18. Lakini sheria isiyosomwa siku ile jamaa imekaa pamoja inabaki Kinshasa.

5. Mila nayo ipimwe

Tusijidanganye, lakini, kwamba inatosha kujenga tena ekyaghanda na kuwaacha wazee wafanye kazi. Ekyaghanda ilikuwa ya wanaume. Mama hakukaa ndani yake kukata shauri, na mtoto aliyesemwa alingoja kuambiwa. Leo, katika jamaa nyingi tunazozijua, anayemlea yatima kwa mikono yake ni shangazi, mama wa mama ao dada mkubwa anayeuza sombe sokoni. Mkutano usiokuwa na wanawake hao unagawa mzigo juu ya kichwa cha mtu ambaye hayupo.

Kuna pia upande wa mama. Kama mbuzi hazikutoka, watu wa baba wanasema mtoto si wao, na watu wa mama wanasema aende kwa baba yake. Mtoto anabaki katikati kama mpaka wa mashamba mawili. Binti aliyerudi kutoka msituni na mtoto mgongoni ana shida hiyo mara mbili, ya kwake na ya yule aliyemzaa.

Tena kuna mambo ambayo jamaa haina ruhusa ya kuyapatanisha. Mtu aliyemnajisi binti hawezi kusafishwa kwa mbuzi na kasha la bia kati ya baba wawili. Tangu sheria za mwezi wa saba 2006, jambo hilo ni la tribinali. Pale ambapo hatari iko ndani ya nyumba yenyewe, kumrudisha mtoto kwa jina la mila ao kwa jina la njia ya jamaa ni kumtoa tena kwa aliyemuumiza.

6. Tunayoomba

Kwa hiyo tunaleta shauri kwa maasistanti, kwa wakubwa wa makartie, kwa makanisa na kwa chama chetu.

Mtoto asirudishwe kwa kidole cha mtu mmoja. Jamaa ya baba na ya mama ziitwe, na wanawake wanaomlea wakae mbele, si jikoni. Mtoto aseme mwenyewe, na kama hawezi, achague mtu wa kumsemea. Asistanti afungue mkutano kwa kusoma sheria katika lugha inayosikiwa na wote, awaache wazungumze, kiisha arudi kusikia walilokata, na alikatae kama linamweka mtoto hatarini. Liandikwe kwenye karatasi: atalala wapi, nani atalipa masomo, shamba la baba yake liko wapi na nani analilima mpaka atimize miaka 18. Nakala moja ibaki kwa jamaa, moja kwa shefu wa kartie, na moja kwa mkubwa wa shule, kwa sababu mwalimu ndiye anaona wa kwanza kwamba banko liko tupu.

Tena mkutano wa pili uwekwe tarehe yake palepale, baada ya mavuno moja. Wafadhili wanapenda kuhesabu watoto waliorudishwa. Tunawaomba wahesabu pia wale ambao wangali nyumbani wakati mkutano huo unapofika.

Watu watasema kazi hiyo ni ndefu. Ni kweli, itachukua jioni mbili ao tatu mahali pa saa moja ya leo. Lakini mtoto anayerudishwa bila shauri la shamba lake tutamkuta tena barabarani, ao tutasikia amerudi msituni, na hapo fishi nyingine itafunguliwa kwa jina lilelile.