Dhahabu Ileile

Kijana mmoja wa Sepuka alinifuata baada ya ibada ya Jumapili. “Shikamoo, baba mchungaji,” akasema, kisha akanionyesha picha zake kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Ana umri wa miaka ishirini na ushei. Analima alizeti pamoja na mama yake, na kilimo kikiisha hushona nguo kwa cherehani ya kuazima. Akaniambia kwamba anapenda kupiga picha, anapenda mitindo ya mavazi, anapenda kuchora, na anapenda miamba na mashamba ya kwao. Naye hakujua kama hayo ni mambo manne au ni jambo moja. Nilikuwa nimechoka, na watu walikuwa wananisubiri. Nikamjibu, “Vizuri, mwanangu. Na kazi je?”

Akacheka kidogo, akazima simu, akashukuru. Kwa miezi kadhaa hakunionyesha tena kitu chochote.

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi. Halikuwa tusi, na mzazi yeyote wa kwetu angeweza kulitoa bila dhamiri kumsuta. Lakini ndani yake mlikuwa na teolojia, na teolojia hiyo ni mbovu: kwamba Mungu anahusika na jembe la kijana, ila hahusiki na macho yake. Baadaye nilimtafuta, nikamwomba radhi, naye akanipa picha kumi na mbili nizitazame kwa utulivu, akaniruhusu kuandika habari zake. Makala hii ni jibu nililopaswa kumpa siku ile. Sikusudii kumsifu tu. Mtu anayesifiwa bila kutazamwa hana tofauti kubwa na aliyepuuzwa.

Tuanze na hofu yetu, maana si hofu ya bure. Amri inakataza sanamu za kuabudiwa. Isaya, katika sura ya tatu, anawaorodheshea mabinti wa Sayuni vikuku, taji na mitandio yao kama hakimu anayesoma mashtaka. Petro naye anawaonya wanawake wasitegemee kusuka nywele na kujitia dhahabu. Wazee wetu wa kanisa wanayasoma hayo, na hawakosei kuyasoma. Kosa ni kuishia hapo.

Soma kitabu cha Kutoka kwa mfululizo. Katika sura ya 31 Mungu anamjaza Bezaleli Roho wake, si ili ahubiri, bali ili achonge, achore na kutengeneza vitu vya dhahabu na fedha. Ukifungua sura inayofuata unaikuta ndama. Haruni anaomba pete za masikioni, watu wanazivua, naye anawafanyizia mungu wa kuonekana. Kisha katika sura ya 35 watu walewale, wanaume kwa wanawake, wanaleta tena pete na vikuku vyao, na safari hii vinakuwa mapambo ya hema ya kukutania. Dhahabu ni ileile. Masikio yaliyoitoa ni yaleyale. Mkono wa fundi, moto na nyundo havikubadilika. Kilichobadilika ni kazi ambayo uzuri ule ulipewa.

Kwa hiyo kuuliza kama kijana Mkristo aruhusiwe kupenda uzuri ni kuuliza swali ambalo Maandiko yamekwisha kulipita. Swali lililobaki ni gumu zaidi: uzuri huu unafanya kazi gani? Hapo ndipo Mlutheri anapaswa kumkumbuka Luther kule Heidelberg, mwaka 1518. Katika hoja zake alitofautisha wanateolojia wa aina mbili. Mmoja anafuata utukufu, naye huishia kukiita kibaya chema na chema kibaya. Mwingine anafuata msalaba, naye hukitaja kitu kama kilivyo. Naamini kipimo hicho kinafaa hata kwa mtu mwenye kamera. Kuna picha inayotaja kitu kama kilivyo, na kuna picha inayokificha. Zote mbili zaweza kupendeza.

Sasa nizitazame picha zenyewe.

Ya kwanza inaonyesha vijana wawili wamevaa miwani ya jua, wameegemea gari la mgeni lililoegeshwa barabarani. Ameipitisha kwenye programu ya simu, na ngozi zao zimekuwa nyeupe na laini kama sahani. Nyuma yao palikuwa na ukuta wa udongo na mbuzi. Aliniambia mwenyewe kwamba amevifuta. Hii ndiyo picha aliyoipenda kuliko zote, nami naona ndiyo dhaifu kuliko zote. Ukiangalia kwa makini, hakuna mtu ndani yake. Gari si lao, miwani si yao, na sasa hata ngozi si yao. Simlaumu kwa kutamani. Kijana wa Sepuka anafungua simu usiku anaona Dar es Salaam, anaona Johannesburg, anaona Paris, na hakuna mahali anapojiona mwenyewe. Lakini picha hii haikumpa nafasi ya kuonekana. Ilimfuta pamoja na mbuzi.

Picha tatu ni za mandhari. Mkoa wetu wa Singida una miamba ya matale iliyokaa juu ya miamba mingine kana kwamba imewekwa na mkono, na mwezi wa Machi na Aprili alizeti hulifanya shamba zima kuwa na uso mmoja wa manjano. Kijana huyu anajua mwanga. Hakupiga saa sita, jua linapobapaza kila kitu. Alingoja saa kumi na mbili kasoro, kivuli cha mwamba kilipokuwa kirefu kuliko mwamba wenyewe. Hilo ni jambo la kujifunza kwa subira, na hakufundishwa na mtu. Hata hivyo nilimuuliza kuhusu picha moja ambayo upande wake wa chini umekatwa ghafla. Akakiri kwamba pale chini palikuwa na visiki vya miti iliyokatwa kwa ajili ya mkaa.

Mwanangu, ungeviacha visiki. Zaburi ya 104 ni wimbo wa uumbaji, lakini mtunzi wake haoni haya kuwataja simba wanaonguruma usiku wakitafuta chakula, wala viumbe wanaorudi mavumbini Mungu anapoondoa pumzi yao. Zaburi hiyohiyo inayataja mafuta yanayoung'arisha uso wa mwanadamu, neno ambalo watu wa nchi ya alizeti tungepaswa kulisoma tukitabasamu. Sifa za uumbaji katika Biblia hazifanyi usafi kwanza. Shamba lako la manjano likiwa na visiki mbele yake lingekuwa zuri bado, tena lingetuuliza jambo. Bila visiki limekuwa kama picha ya kalenda.

Kuhusu mavazi nitakuwa mwangalifu, kwa sababu hapa sisi wachungaji hupenda kurusha mawe tukiwa tumevaa vizuri. Joho jeusi ambalo wachungaji wengi wa Kilutheri huvaa, nami nikiwa mmoja wao, halikushuka kutoka Sinai. Mwaka 1811 mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia aliagiza wachungaji wa nchi yake walivae, na likaenea. Ni mtindo wa mavazi wa Ulaya ya karne ya 19. Naupenda, na una maana yake: unamfunika mtu ili Neno lisikike. Lakini ni mtindo. Na nikitazama michoro ya mapangoni ya Kolo, wilayani Kondoa katika mkoa jirani wa Dodoma, ambayo UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, naona kwamba wachoraji wale wa kale walichora wanyama, na pia walichora watu wenye nywele zilizotengenezwa na miili iliyopambwa. Kwao mnyama, mwili, pambo na mwamba vilikaa pamoja kwenye ukuta mmoja. Swali la kijana wangu, kama ni mambo manne au moja, lilikwisha kujibiwa kwa rangi nyekundu muda mrefu kabla ya mimi kumuuliza habari ya kazi.

Ameshona gauni la kitenge, akampiga picha dada yake amelivaa. Ukosi wake na pindo lake vina mistari na nukta alizozitoa kwenye vibuyu vya bibi yake. Gauni ni zuri kweli. Lina adabu bila kuwa gunia, na halikuigwa popote. Kasoro iko katika jinsi alivyomsimamisha dada: ametazama pembeni, mdomo umefungwa, kama zile sanamu za madukani zinazovalishwa nguo. Kristo aliposema juu ya maua ya kondeni kwamba hata Sulemani hakuvaa kama mojawapo la hayo, hakusema hivyo ili tuyasahau maua, wala ili tumsahau mtu. Alitaka tujue kwamba Mungu anamvika mtu kwa sababu anamjali. Nguo ikiwa na thamani kuliko aliyeivaa, tumekwisha kuirudisha dhahabu kwa ndama.

Picha ya kumi na moja ndiyo iliyonifanya niandike. Ni ya bibi yake anayepepeta alizeti. Amejifunga kanga, juu yake sweta la kiume lililotoboka kiwiko. Ungo uko juu, makapi yamo hewani, mwanga unapita katikati yake, na uso wa bibi hauonekani vizuri kwa sababu ya vumbi. Kijana alitaka kuifuta kwa sababu ya sweta. Mimi nimeitazama siku nyingi. Haiombi huruma kwa bibi, wala haimpambi. Inatuonyesha mikono inayofanya kazi ambayo mimi nilimuuliza mjukuu wake habari zake. Jibu lilikuwemo kwenye simu ileile, nami sikungoja alifikie.

Ya mwisho si picha ya kamera. Ni mchoro wa penseli alioupiga picha: Yesu mwenye nywele ndefu zilizonyooka na macho mepesi, aliyenakiliwa kutoka kalenda iliyotundikwa nyumbani kwao. Mkono wake ni mwepesi, lakini jicho halikufanya kazi, kwa sababu hakuna kitu alichokitazama isipokuwa karatasi.

Hapa nataka kumjulisha kwa Elimo Njau, Mtanzania mwenzake. Njau alizaliwa Marangu mwaka 1932, katika mlima ambako wamisionari Walutheri wa Leipzig walianza kazi mwaka 1893. Alisoma sanaa Makerere, katika shule iliyoanzishwa na Margaret Trowell. Mwishoni mwa miaka ya 1950, kabla hajafikisha miaka 30, alichora picha tano kubwa ukutani katika kanisa la Kianglikana la Murang'a, nchini Kenya: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba. Watu wote ni Waafrika, na nchi ni ya Wakikuyu. Mimi nimeziona katika vitabu tu, lakini hata hapo zinanikamata.

Wengi huzisifu kwa sababu Kristo ni mweusi. Sababu hiyo peke yake hainitoshi, maana Kristo mweusi naye anaweza kuwa pambo la kalenda. Ubora wa kazi ile uko mahali ilipowekwa. Kanisa lile lilijengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa Mau Mau, katika miaka ambayo jirani alimwua jirani na serikali ya kikoloni ikajaza watu makambini. Katika nchi hiyo, damu ikiwa haijakauka vizuri, kijana wa Marangu aliusimamisha msalaba katika mandhari ambayo waumini waliiona kila walipotoka mlangoni. Hakulifuta jeraha ili picha ipendeze. Alimweka Kristo ndani ya jeraha, na picha ikapendeza kwa namna nyingine.

Anayedhani kwamba huo ni ugeni kwa Walutheri aende Wittenberg. Katika madhabahu ya kanisa la mji, ambayo ilitoka katika karakana ya Lucas Cranach na kuwekwa mwaka 1547, Luther mwenyewe amechorwa ameketi na mitume katika karamu ya Bwana. Chini yake amechorwa akihubiri, na waumini wanaosikiliza wamevaa nguo za Kijerumani za siku zao. Kati ya mhubiri na waumini amesimama Kristo aliyesulubiwa, naye ndiye anayeonyeshwa kwa kidole. Luther alikuwa amerudi kwa haraka mjini humo Machi 1522 na kuhubiri siku nane mfululizo, kwa sababu, pamoja na mambo mengine, watu walikuwa wamedai picha ziondolewe makanisani kwa nguvu. Hakuzitetea kama vitu vya kuabudiwa. Alisema ziko katika uhuru, na kwamba Neno lishughulike na moyo kwanza. Wajerumani walipata Injili wakiwa na nguo zao na nyuso zao. Kijana wa Sepuka anayo haki hiyohiyo.

Kwa hiyo, mwanangu, neno langu ni hili. Una jicho. Unalitumia vizuri unapolielekeza kwa bibi na kwa mwamba. Unalitumia vibaya unapolielekeza kwenye gari la mgeni. Acha kufuta mbuzi, na visiki uviache. Mwambie dada yako akutazame. Mchoro wa kalenda uweke kando, umchore Kristo ameketi penye kivuli cha mwamba unaoujua, na miongoni mwa wanaomsikiliza awepo mwanamke mwenye sweta lililotoboka.

Nasi tulio na mamlaka katika sharika tunalo letu. Tunawapa vijana kwaya, na tunafanya vyema. Mwimbaji akikosea sauti, mwalimu wa kwaya humsahihisha bila kumfukuza. Mpiga picha, mshonaji na mchoraji hawana mwalimu wa namna hiyo kati yetu. Wanapata “hongera” ya simu kutoka kwa wasiowajua, au “na kazi je?” kutoka kwa mchungaji. Bezaleli hakujazwa Roho peke yake. Andiko linasema alipewa na moyo wa kufundisha wengine.

Picha ya bibi nimeiomba. Kijana ameenda kuichapisha Singida mjini, nami nimelipa. Itatundikwa ofisini kwangu, upande wa mlango, ili kila anayeingia na swali aione kabla sijamjibu.