Taya la Olduvai ndani ya kompyuta

Taya la chini linalojulikana kwa namba OH 7 lilifukuliwa na Jonathan Leakey katika Bonde la Olduvai, mkoani Arusha, mwaka 1960. Lilitoka ardhini likiwa limepasuka na kupinda. Hata hivyo, mwaka 1964 Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier walilitumia kutangaza spishi mpya, Homo habilis, na kwa nusu karne spishi hiyo ikawa na kielelezo ambacho hakuna aliyejua kwa hakika umbo lake la asili.

Jibu lilitoka kwenye jarida la Nature mwaka 2015. Fred Spoor, Philipp Gunz na wenzao, akiwemo Amandus Kwekason wa Makumbusho ya Taifa ya Tanzania, walitumia picha za CT. Kwenye kompyuta walivitenganisha vipande kwa kufuata nyufa, wakavirudisha mahali pake, na palipopungua upande mmoja wakajaza kwa kugeuza nakala ya upande wa pili. Safu za meno zikaonekana ndefu, nyembamba na sambamba, zikikaribia za Australopithecus afarensis. Kwa mifupa ya fuvu ya kiumbe huyohuyo, ubongo nao ulikadiriwa kuwa kati ya mililita 729 na 824. Mfupa wenyewe haukuguswa.

Wengi wakisikia habari hii husifu kazi ya kuunga vipande. Hatua iliyotangulia ndiyo yenye uzito. Mashine ya CT haioni ndani ya kitu. Inakusanya vivuli vya eksirei kutoka pembe nyingi, kisha hesabu ndiyo inayojenga picha. Msingi wa hesabu hiyo uliwekwa na Johann Radon mwaka 1917. Allan Cormack aliifikia kwa njia yake mwenyewe baada ya kufanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwaka 1956, na mwaka 1979 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Godfrey Hounsfield.

Kwa kawaida hesabu hiyo hufungiwa ndani ya programu ya mtengenezaji wa mashine. Siku hizi ipo pia katika programu huria: ASTRA, kazi ya Chuo Kikuu cha Antwerp na taasisi ya CWI ya Amsterdam, na TIGRE, iliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Bath pamoja na CERN. Zote mbili zinaendeshwa kwa Python, na kompyuta moja yenye kadi ya michoro ya NVIDIA inatosha kuanzia.

Kusakinisha si kazi ngumu, ila kuna mitego. Kiendeshi cha kadi kisipopatana na toleo la CUDA, mfumo wa NVIDIA wa kuendesha hesabu kwenye kadi, hakuna kitakachokwenda, kwa hiyo hilo hukaguliwa kwanza. Kisha kuna kumbukumbu: picha ya pande tatu yenye vokseli (pikseli za pande tatu) 1024 kila upande hula gigabaiti 4; ukizifanya 2048, inahitaji gigabaiti 32. Hapo TIGRE ina faida, kwani inaweza kuigawa kazi vipande vipande kadi inapozidiwa. Mtego unaowatesa wanaoanza ni kitovu cha mzunguko wa kitu kinachopigwa picha. Kikikosewa kwa pikseli chache tu, kila ukingo hutoka maradufu, na mtu huilaumu programu bure.

Arusha ina kila sababu ya kuifanya kazi hii. Makumbusho ya Elimu Viumbe, ndani ya Boma la Wajerumani la mwaka 1900, yanasimulia chimbuko la binadamu. Chini ya Mlima Meru, Tengeru, kuna Taasisi ya Nelson Mandela inayofundisha kompyuta na hisabati. Mashine ya eksirei inahitaji kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu, lakini kujifunza kujenga picha hakuhitaji mashine: Chuo Kikuu cha Helsinki kimetoa bure vipimo vya eksirei vya tunda moja la jozi (walnut), na CWI imetoa vya matunda 42 ya jozi.

Wahadhiri wa Tengeru waanze na jozi hizo. Visukuku vya Olduvai vitakapopigwa tena CT, vijana wa hapa wadai vivuli ghafi, si picha zilizokwisha kujengwa na wengine.