Shokapu ya Uzi: Namna ya Kuitengeneza Gereji, na Nini Kipimwe Kabla ya Kukata

Gari linalofanya kazi kati ya Tlawi na mjini Mbulu halina uzito mmoja. Asubuhi linakwenda na magunia ya vitunguu saumu yaliyojaa hadi dirishani, jioni linarudi na dereva na abiria wawili. Masika njia ya udongo inachimbika na tumbo la gari linakwaruza tuta la katikati. Kiangazi njia hiyohiyo inakauka na kujikunja kama bati. Kwa dereva wa Katesh, aliye kwenye lami ya Babati hadi Singida, urefu wa gari kutoka ardhini ni suala la mapendeleo. Huku juu ni suala la kufika au kutofika, ndiyo maana wenye Noah na Corolla wanawaomba mafundi wawanyanyulie magari.

Dawa iliyozoeleka ni spesa: kipande cha chuma au cha mpira mgumu kinachowekwa kati ya shokapu na bodi. Ni rahisi, lakini ikishafungwa imefungwa. Nataka kuchambua njia nyingine, ile ya shokapu iliyotiwa uzi, ambayo springi yake hupandishwa na kushushwa kwa kuzungusha nati. Mafundi wa magari ya mashindano huiita koilova. Mtu mwenye grainda, mashine ya kuchomelea na rafiki mwenye mashine ya kukereza vyuma anaweza kuitengeneza, na imetengenezwa hivyo katika gereji ndogo duniani kote. Wengi hukosea palepale ambapo kazi inaonekana nyepesi.

Tuanze na umbo lenyewe. Shokapu ya mbele ya Corolla au Noah ni ya mtindo wa MacPherson, jina la Earle MacPherson, mhandisi wa Ford. Ford Consul na Zephyr zilizooneshwa London mwaka 1950 ndizo zilizoutangaza mtindo huo. Bomba moja hubeba springi, huzuia gari lisirukeruke, na papo hapo huwa mhimili ambao gurudumu hugeukia. Springi inakaa kwenye kikombe kilichochomelewa katika bomba. Anayetaka kuweka uzi huondoa kikombe hicho, huvisha bomba la pili lenye uzi kwa nje, kisha huweka kikombe kipya juu ya nati kubwa, na nati ya pili chini yake kwa ajili ya kufungia. Uzi ukiwa wa hatua ya milimita 2, kila mzunguko mmoja wa nati unapandisha gari milimita 2. Hakuna siri nyingine katika uzi huo.

Shokapu zinazofaa zaidi kwa kazi hii ni za kizamani, kama za Corolla KE70, ambazo juu zina nati inayofunguka. Unamwaga oili, unatoa pistoni na sili zake, unabaki na bomba tupu la kuchomelea, na ukimaliza unaingiza kifaa kipya cha ndani. Shokapu za siku hizi zimezibwa kiwandani na nyingi zina gesi ya shinikizo. Kuchomelea shokapu iliyojaa oili na gesi ni kuhatarisha uso na macho ya fundi, na hata isipolipuka, joto linaunguza sili na oili inaanza kuvuja baada ya siku chache. Hapo sina msamaha: kama haifunguki, isichomelewe.

Kikombe cha zamani kikatwe kwa subira. Ukuta wa bomba ni mwembamba, na grainda ikiula hata kidogo, pameachwa mahali pa kuvunjikia. Bomba la uzi lisishikiliwe kwa matone mawili matatu ya kuchomelea. Likiwa la alumini haliwezi kabisa kuchomelewa kwenye chuma, hivyo linahitaji pete ya chuma chini yake, iliyochomelewa kuzunguka bomba lote, nalo likae juu ya pete. Kona moja ya mbele ya gari dogo hubeba takriban kilo 280 ukiacha gurudumu na breki. Likianguka kwenye shimo, pete hiyo hupokea mzigo mara kadhaa ya huo kwa kishindo kimoja.

Sasa tuje kwenye springi, maana hapa ndipo pesa na usalama vinapotea. Ugumu wa springi unategemea vitu vitatu: unene wa waya, upana wa duara na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Unene unahesabiwa kwa kipeo cha nne, upana kwa kipeo cha tatu. Chukua springi ya kawaida yenye waya wa milimita 12, duara la milimita 120 likipimwa katikati ya waya, na mizunguko 5. Chuma cha springi kina ugumu wa kusokotwa wa karibu kilo 8,000 kwa milimita ya mraba. Zidisha kwa 12 kipeo cha nne, gawanya kwa 8 mara 120 kipeo cha tatu mara mizunguko 5, unapata kilo 2.4 kwa kila milimita. Kilo 280 zitaiminya milimita 117 hivi, na kona hiyo itacheza kama mara moja na nusu kwa sekunde. Huo ni mwendo ambao mgongo wa abiria unauvumilia.

Ukikata mzunguko mmoja ili gari lishuke, ugumu unapanda hadi kilo 3. Wengi wanalijua hilo kwa kulihisi. Lisilojulikana sana ni linalotokea kwenye springi nyembamba za koilova, zinazokaa karibu na bomba. Waya wa milimita 11, duara la milimita 76, mizunguko 7: ugumu unaruka hadi karibu kilo 4.8, mara mbili ya ule wa mwanzo, ingawa waya ni mwembamba zaidi na mizunguko imeongezeka. Uzito uleule sasa unaiminya milimita 58 tu, na kona inacheza zaidi ya mara mbili kwa sekunde. Kwenye kiwanja cha mashindano cha lami hilo ndilo linalotafutwa. Kwenye njia ya Tlawi ni kuwatesa abiria, na kuzipa boljointi kipigo ambacho springi ilipaswa kukimeza.

Na si mateso peke yake. Tuseme pistoni ya shokapu ina safari ya milimita 170, na gari likisimama imebaki na milimita 100 za kuminywa na 70 za kutanuka. Springi ya kwanza, iliyominywa milimita 117, gurudumu likining'inia kabisa bado inabaki imeminywa milimita 47, kwa hiyo haitoki mahali pake. Ile nyembamba imeminywa milimita 58 tu. Gurudumu likishuka milimita 70, springi inalegea milimita 12 na inaweza kukaa upande kwenye kikombe. Watengenezaji wa viwandani huongeza springi ndogo saidizi ili kuziba pengo hilo. Katika kazi za gereji ndicho kitu kinachosahauliwa mara nyingi, na mlio wa "kong" unaosikika kila gari likipita korongo mara nyingi hutoka hapo.

Tukirudi kwenye kunyanyua, uzi haurefushi shokapu. Ukipandisha kikombe milimita 40, gari linapanda milimita 40 kweli, lakini safari ya kutanuka inapungua kutoka 70 hadi 30. Gurudumu likiingia shimoni, pistoni inagonga mwisho wa bomba, tairi inaachia ardhi, na usukani unakuwa hauna kazi kwa muda huo. Spesa ya juu haina tatizo hilo, kwani safari ya pistoni inabaki ilivyokuwa. Tatizo lake ni jingine: gurudumu sasa linaning'inia chini zaidi kuliko kiwanda kilivyopanga, hosi ya breki inavutika na sivijointi inapinda kupita kipimo chake. Anayechagua kati ya hizo mbili achague akijua analipa nini.

Magari yaliyoshinda Safari Rally ya zamani, iliyokuwa ikizunguka Kenya, Uganda na Tanzania, yanasaidia kuona hili. Bert Shankland, dereva wa Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari lililosifika kwa springi laini na safari ndefu ya magurudumu. Edgar Herrmann alishinda 1971 kwa Datsun 240Z, yenye springi juu ya shokapu kwenye kona zote nne. Njia zile za mashimo zilihitaji safari ya gurudumu kwanza, ugumu baadaye.

Shokapu yenyewe nayo ifuate springi. Ugumu wa springi ukizidishwa mara mbili, nguvu ya kuzuia mtikisiko inatakiwa kupanda mara 1.4 ili gari litulie kama awali. Ukibakiza shokapu ya zamani, gari litaendelea kudunda baada ya tuta. Kwenye njia iliyojikunja, mikunjo ikiwa sentimita 70 kutoka mmoja hadi mwingine, mwendo wa kilomita 60 kwa saa unaipiga shokapu mara 24 kila sekunde. Kila kipigo kinageuka joto, oili inakuwa nyepesi, na isipokuwa na gesi ya kuibana inatoa povu. Ndiyo sababu gari lililotulia wakati wa kutoka laweza kuwa la kuogofya mbele ya safari.

Kwa hali hiyo, kwa magari ya huku nisingeshauri springi nyembamba hata kidogo. Ibakizwe springi pana ya kiwandani, na juu ya nati ya uzi kichomelewe kikombe kipana cha kuipokea. Ulaini unabaki, unapata marekebisho. Mzigo wa kilo 60 kwenye kona moja unashusha springi ya kilo 2.4 milimita 25, na mizunguko 12 au 13 ya nati inazirudisha. Hakuna dereva atakayelala chini ya gari kila asubuhi kufanya hivyo, lakini mara moja msimu wa mavuno unapoanza na mara moja unapokwisha inawezekana kabisa. Eneo la uzi lisizidi milimita 40, juu kuwe na bearingi inayozunguka vizuri ili usukani usikaze, na uzi upakwe grisi na kuvishwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Tope la Mbulu likikauka kwenye uzi ulio wazi, nati haitazunguka tena.

Kila urefu unapobadilishwa gari lipelekwe kufanyiwa alaimenti, la sivyo tairi zitalika upande mmoja.

Kwa fundi anayetaka kuanza: pima uzito wa kila kona kwa mzani wa magunia au wowote ulio karibu, pima safari ya pistoni ikiwa imeminywa na ikiwa imetanuka, pima waya, duara na mizunguko ya springi, uandike yote kwenye daftari. Mwenye gari akikuharakisha kabla hujamaliza kupima, mrudishie ufunguo wake.