Juu ya Kufifia kwa Picha za Muuaji wa Kisu katika Mabanda ya Karagwe na Kyerwa

Zile picha za sinema ambazo ndani yake muuaji mwenye kinyago huwaandama vijana mmoja baada ya mmoja, hata akabaki msichana peke yake, zilishika nguvu huko Marekani mwaka 1978 ilipotoka Halloween ya John Carpenter. Zikafuata Friday the 13th mwaka 1980 na A Nightmare on Elm Street mwaka 1984. Kabla ya mwongo ule kwisha zilikwisha chuja. Scream ikazifufua mwaka 1996, na Halloween nyingine ya mwaka 2018 ikajaza majumba ya sinema. Hayo yajulikana. Nitakalo kulipima hapa ni kwa nini picha hizo hazikupata kwetu, katika mabanda umiza ya Kayanga, Omurushaka na Murongo, makao waliyoyapata wapiganaji wa Kichina na wapenzi wa Kihindi.

Husemwa kwamba zilishindwa kwa kuwa muuaji wake huua bila sababu. Siikubali hoja hiyo. Katika Friday the 13th ya kwanza muuaji ni mama alipizaye kifo cha mwanawe. Naye Freddy Krueger huwaandama watoto wa watu waliomchoma moto. Kisasi cha namna hiyo hakihitaji mkalimani. Wengine wasema ni maadili, lakini damu ya picha za vita haikumtoa mtu bandani.

Sababu, kwa maoni yangu, imo katika lugha ya banda lenyewe. Mtazamaji wa banda huuliza kwanza: stelingi ni nani? Neno hili lina sheria yake: stelingi hafi, na adui hujulikana mapema. Picha ya muuaji wa kisu huivunja sheria hiyo kwa makusudi. Humficha stelingi miongoni mwa vijana wengi wasio na sifa, hata mwisho ndipo atokeapo yule msichana ambaye Carol Clover alimwandikia kitabu mwaka 1992. Basi dijei anayeitafsiri picha kwa Kiswahili ana njia mbili tu. Akimtaja stelingi mwanzoni, hofu yote imekwisha. Akinyamaza, watazamaji watamwona hajui kazi.

Tena kuna kimya. Michael Myers hasemi, na Jason hasemi. Kutisha kwao ni hatua na pumzi. Dijei hawezi kukiacha kimya hicho, maana kazi yake ni kusema. Humtilia muuaji maneno kinywani, humtania, humpa jina la mtaani, na banda zima huangua kicheko. Hapo ndipo kisu kilipopotewa na makali. Freddy, mwenye mzaha wake mwenyewe, huvumilia tafsiri hiyo kuliko wenzake.

Hili si ajabu kwa watu waliolelewa kwa hadithi za jioni. Zimwi la hadithi zetu lina sauti. Husema, pengine huimba, na msimulizi humwimbia. Peter Seitel, aliyezikusanya hadithi za Wahaya, jirani za zile za Wanyambo, na kuzitoa mwaka 1980, aliona vema kwamba sauti ndiyo hadithi. Mussa Banzi naye, alipotoa Shumileta mwaka 2005, alimpa jini wake wa kike maneno tele. Dijei, basi, ni mtoto wa msimulizi kuliko wa sinema, na picha isiyotaka kusimuliwa haikuwa na nafasi mbele yake.

Leo mabanda mengi yaishi kwa mpira wa Ulaya, na picha huwekwa katika memori ya simu. Kimya kimerudi masikioni mwa mtazamaji mmoja mmoja, lakini wale waliopiga kelele pamoja hawapo. Ya muuaji hayanisumbui sana. Linisumbualo ni kwamba Runyambo imepata sarufi na msamiati kwa juhudi za Josephat Rugemalira, hali Kiswahili cha dijei, pamoja na utani wake na namna alivyogeuza kimya kuwa maneno, kimo katika kanda na diski zinazoota ukungu madukani. Mwenye kifaa cha kurekodi na aende Murongo, kabla mwenye duka hajaziuza kwa wakusanya vyuma na plastiki.