Mazungumzo ya Vitabuni na Mazungumzo ya Simu: Uhakiki wa Matini za Kujifunzia Kiingereza

1. Utangulizi

Kambu ni kituo cha biashara kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, baina ya Kibwezi na Mtito Andei, katika Kaunti ya Makueni. Mtoto akuliaye hapo aghalabu huamka na Kikamba, huuza na kununua kwa Kiswahili, na hutahiniwa kwa Kiingereza. Lugha hii ya tatu humfikia kwa macho kabla ya kumfikia kwa masikio. Huisoma ubaoni na vitabuni kwa miaka mingi, kisha siku moja humlazimu kuisema katika simu, kwa mtu asiyemjua, naye akitafuta kazi.

Makala haya yanakusudia kuhakiki aina moja ya matini ambayo ni nadra kuhesabiwa kuwa inastahili uhakiki, nayo ni mazungumzo mafupi ya kuigwa yanayopatikana katika vitabu vya kiada na vijitabu vya kujifunzia Kiingereza: salamu, kuuliza njia, kununua bidhaa, na hasa kupiga na kupokea simu. Hoja itakayotetewa ni kwamba kasoro kuu ya matini hizi haimo katika sarufi yake. Imo katika namna zinavyomwona mwanagenzi, yaani kama mtu asiyekuja na adabu yoyote ya mazungumzo kutoka kwao.

2. Muundo wa mazungumzo ya vitabuni

Matini hizi zina sifa tatu zinazojirudia. Kwanza, kila usemi hupata jibu lake mara moja. Hakuna asiyesikia vizuri, hakuna anayekatiza, wala hakuna anayenyamaza. Pili, wahusika hawana historia. Hawadaiani, hawaogopani, na hakuna aliye mkubwa wala mdogo kwa mwenzake. Tatu, mazungumzo huisha pale haja inapotimizwa. Mnunuzi hupata sukari, mpigaji simu humpata amtakaye.

Huenda ikasemwa kwamba wepesi huo ni wa makusudi, kwani anayeanza hahitaji kutishwa. Hoja hiyo ina uzito. Semi chache zilizokaririwa humpa mwanagenzi ujasiri wa kufungua kinywa, na hakuna mwalimu mwenye darasa kubwa anayeweza kuzidharau. Lakini Dell Hymes, alipoeleza dhana ya umilisi wa mawasiliano mwaka 1972, alionyesha kwamba kujua lugha ni pamoja na kujua lini useme, na nani, na kwa namna gani. Kwa kipimo hicho, anayekariri mazungumzo ya vitabuni amepewa maneno bila kupewa masharti ya kuyatumia.

Kiini cha tatizo huonekana katika salamu. Kikamba huuliza "ũvoo", na Kiswahili huuliza "habari". Katika lugha zote mbili anayesalimu huomba taarifa, na taarifa hiyo hudaiwa kwa mfululizo: ya nyumbani, ya watoto, ya kazi, ya mvua. Kuruka hatua hizo na kuingia katika haja moja kwa moja ni utovu wa adabu. Kiingereza cha vitabuni huuliza hali mara moja, hujibiwa kwa maneno matatu, na mambo huishia hapo. Mwanagenzi hukariri jibu, lakini haelezwi kwamba swali lile si swali hasa. Kwa hiyo ama hujibu kwa urefu na kumchosha msikilizaji, ama huliona swali hilo kuwa kavu na kudhani kwamba Waingereza hawajaliani. Makosa yote mawili yangeondolewa kwa aya moja ya maelezo, nayo haimo vitabuni.

3. Adabu iliyovuka mpaka

Kinachoitwa Kiingereza kibovu cha Afrika ya Mashariki mara nyingi ni adabu ya Kiswahili iliyovalishwa maneno ya Kiingereza. Mfano mashuhuri ni neno "sorry". Mkenya hulitamka anapomwona mwenzake amejikwaa, kwa kuwa moyoni anasema "pole". Kwa Mwingereza, katika mazingira hayo, neno hilo huashiria aghalabu kwamba msemaji anakiri kosa. Katika simu tofauti hiyo si ndogo. Mfanyakazi wa duka akimwambia hivyo mteja anayelalamika, yeye huwa amehurumia, na mteja huenda akasikia kwamba duka limekiri.

Mfano wa pili ni ombi. Kiswahili hakina haja ya neno moja la kuombea, kwani upole umo katika kitenzi chenyewe: "naomba", "nisaidie". Ndiyo maana Mkenya huomba "asaidiwe" kalamu, hata anapoomba kwa Kiingereza. Mfano wa tatu, ulio muhimu zaidi hapa, ni swali la kumtambua mpigaji simu. Kiswahili huuliza "Nani mwenzangu?" Neno "mwenzangu" hufanya kazi kubwa: humkubali mgeni kuwa wa upande wa msemaji kabla jina lake halijajulikana. Mwanagenzi anapotafsiri, "mwenzangu" hudondoka njiani, na kinachomfikia Mwingereza ni swali tupu la askari mlangoni. Aliyekusudia ukarimu husikika kama mkorofi. Kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya msomaji huyu kingelianzia hapa.

4. Simu kama fani

Mazungumzo ya simu yana kanuni zake. Emanuel Schegloff, katika uchunguzi alioutoa mwaka 1968 kwa kutumia takriban simu 500 zilizopigwa polisi nchini Marekani, alionyesha kwamba mlio wa simu wenyewe ni wito, na anayeinua simu anapotamka neno la kwanza huwa anaitika. Mwaka 1977 Danièle Godard alibainisha kwamba kanuni hizo si za dunia nzima: Mfaransa anayepiga simu huhakikisha namba na kuomba radhi kwa usumbufu, jambo ambalo Mmarekani haoni sababu yake. Ikiwa mataifa mawili ya Magharibi yanatofautiana hivyo, ni wazi kwamba mpigaji simu wa Kambu hawezi kukabidhiwa kanuni za London bila maelezo.

Tena, watu wa Kambu si wageni wa simu. Tangu kampuni za simu za mkononi zilipoanza kuenea nchini Kenya kuanzia mwaka 2000, na hasa baada ya huduma ya M-PESA kuanzishwa mwaka 2007, simu imekuwa chombo cha soko, shamba na familia. Wakenya wameunda hata msamiati wake. Sauti ya mtambo ilipozoea kutangaza kwamba mteja hapatikani, wasemaji walilichukua neno "mteja" na kuligeuza maana: mtu ambaye simu yake imezimwa husemwa kuwa yuko "mteja". Jamii inayoweza kuichezea lugha ya mtambo kwa ufundi huo haistahili kufundishwa kana kwamba haijawahi kushika simu.

5. Mtihani wa kusema bila sauti

Kasoro hii imepewa nguvu na mtihani. Katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, stadi za kusikiliza na kuzungumza zimetengewa alama 30 kati ya 60. Hata hivyo, stadi hizo hutahiniwa kwa kalamu. Mtahiniwa hujaza mapengo katika mazungumzo, pengine ya simu. Hutaja maneno yanayotamkwa sawa. Huonyesha mkazo na kiimbo kwa alama. Anaweza kupata alama zote bila kutoa sauti.

Ni kweli kwamba kuwasikiliza watahiniwa wote nchini, mmoja mmoja, kungegharimu mno. Kifaransa kina mtihani wa kusema kwa sababu watahiniwa wake ni wachache. Lakini matokeo hayafichiki. Mwanafunzi wa Kambu hujua kwamba kiimbo hupanda, asijue kukipandisha. Katika simu, ambamo uso hauonekani wala mkono hausaidii, sauti ndiyo kila kitu. Vipasuo vya ghuna katika Kikamba huandamana na nazali, na nazali hiyo humfuata msemaji hadi katika Kiingereza chake. Nchini Kenya lafudhi hiyo imefanywa mzaha mara nyingi, na hofu ya kuchekwa huwanyamazisha wengi wenye alama nzuri.

6. Nani anapiga, nani anapokea?

Yafaa matini hizi zilinganishwe na ndugu zao wa zamani. Katika miaka ya 1930 F. H. Le Breton alitunga kitabu cha Kiswahili cha bara kwa ajili ya askari, walowezi, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao. Kiswahili cha vitabu vya aina hiyo kilikuwa hasa cha kuamrisha. Mazungumzo mengi ya kujifunzia Kiingereza ni upande wa pili wa sarafu hiyo: humfundisha Mwafrika kuitika, kupokea ujumbe, kuomba radhi na kumwita mwenye ofisi. Ni mara chache kumfundisha kukataa, kudai maelezo, kumwomba Mwingereza arudie polepole, au kumwambia kwamba amekosea namba. Kwa hivyo mwanagenzi hufuzu katika nafasi ya mpokezi, na nafasi ya mwenye neno hubaki tupu.

7. Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hadhi hiyo ingepaswa kuonekana hata katika kitabu cha Kiingereza. Mwandishi wa mazungumzo ya kujifunzia aanze na "Nani mwenzangu?", "pole" na "ũvoo", aeleze kila moja hufanya kazi gani, kisha ndipo aonyeshe Kiingereza hufanyaje kazi hiyo hiyo. Aweke ndani ya mazungumzo yake kutosikilizana, kukatizwa na kurekebishana. Aidha, ampe mwanagenzi nafasi ya kupiga simu na kuikata. Lugha ya kigeni hujifunzwa vyema na yule aliyekumbushwa kwanza kwamba kuzungumza anakujua.