"Uimara" wa Zege: Neno Moja Lililobebeshwa Mizigo Miwili

Miongoni mwa istilahi za ujenzi wa barabara zilizokwisha kuzoeleka katika maandishi ya Kiswahili, hapana inayotutia shaka kuliko "uimara". Katika mazungumzo ya kila siku neno hili halina kasoro. Ila wafasiri wa maandishi ya kihandisi hulitumia kwa dhana mbili ambazo maabara huzipima kwa njia mbalimbali, na ambazo mara nyingine hutoa majibu yanayopingana.

Dhana ya kwanza ni uwezo wa zege kubeba uzito bila ya kupondeka. Humwagwa mchemraba, aghalabu wenye upande wa milimita 150, ukatunzwa majini, kisha ukapondwa kwa mashine baada ya siku 7 au 28. Dhana ya pili ni uwezo wa zege hilohilo kukaa miaka mingi bila ya kuliwa na maji, chumvi, kemikali au msuguano wa magurudumu. Hapo mashine ya kuponda haitoshi. Hupimwa jinsi maji yanavyopenya, jinsi kokoto zinavyosagika, na jinsi zege linavyovimba.

Tutazame Wilaya ya Rungwe. Barabara kuu itokayo Uyole hupita Tukuyu ikaelekea Kasumulu, mpakani na Malawi. Uso wake ni lami, lakini madaraja na makalavati ni kazi ya zege, tena katika nchi ambayo sehemu zake nyingi hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mawe ya huko ni ya volkano. Hata Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira ni la mwamba wa volkano, nalo limesimama bila ya cheti cha maabara yoyote. Sasa, baadhi ya mawe ya asili hiyo yana silika ya namna ya kioo, ambayo hupambana na alkali ya saruji mahali penye unyevu, ikavimba na kulipasua zege polepole. Mchemraba wa siku 28 hauonyeshi lolote. Ugonjwa huo hutafutwa kwa kuloweka vipande vya mota katika maji ya sodiamu haidroksidi yenye joto la sentigredi 80 kwa siku 14, na kupima vimerefuka kiasi gani. Mfasiri akiandika kwamba "uimara wa zege umethibitishwa", amethibitisha nini? Msimamizi wa kazi ataridhika na mchemraba, na ufa utatokea baada ya miaka.

Kinyume chake pia hutokea. Majivu laini ya volkano yakichanganywa na saruji huitwa pozolana, jina lililotoka Pozzuoli, Italia, ambako Warumi walichimba majivu ya namna hiyo. Zege la pozolana hukawia kupata nguvu, na mchemraba wake wa siku 7 waweza kuonekana dhaifu; lakini likitunzwa vyema huziba vitundu vyake na kuzuia maji kuliko zege la saruji tupu. Kwa neno "uimara" zege hilo litahukumiwa kuwa baya, ilhali kwa kalavati la Tukuyu ndilo lifaalo.

Kwa hiyo twapendekeza "nguvu" kwa dhana ya kwanza na "udumifu" kwa ya pili. Wapo watakaosema udumifu ni sifa ya mtu. Ni kweli, lakini hata nguvu ilikuwa ya mtu na mnyama kabla ya fizikia kuiazima. "Ustahimilivu" twaukataa, kwa kuwa siku hizi umeshikwa na wanaoandika juu ya ukame na mafuriko.

Liko kosa jingine, dogo kwa sura na kubwa kwa hasara: "kukauka". Maelekezo mengi husema zege liachwe "likauke". Zege haligumu kwa kukauka. Hugumu kwa saruji kuungana na maji, na likikaushwa mapema hubaki na vitundu na nyufa. Anayesoma "likauke" huacha kumwagilia. Mafundi wetu wamewatangulia wafasiri hapa. Wao husema zege "limeshika", kisha "limekomaa", na kati ya hayo mawili "humwagiliwa". Tena husema "zege halilali", yaani likishachanganywa sharti limwagwe kabla ya kushika. Maneno hayo matatu, kushika, kumwagilia na kukomaa, yanatosha kuandikia maelekezo yote ya utunzaji wa zege, nayo yaingizwe katika orodha za istilahi kama yalivyo, pasipo kuyatafutia mbadala wa Kiarabu wala wa Kilatini.