Sifa za Wanaopanga Vitu vya Kale Mlimani Bukavu

Kupamba nyumba Bukavu si kazi nyepesi, maana nje kumeshapambwa. Mji umekaa kwenye miteremko na rasi zinazoingia Ziwa Kivu, kimo cha mita 1,500 hivi, na dirisha la kawaida tu la Nguba au Muhumba linakuonyesha paa la jirani, maji, kisha milima ya Rwanda. Wengi wakitaka kushindana na hayo hujaza: kabati la vioo, makochi yaliyopitishwa mlangoni kwa shida, maua ya plastiki kila pembe. Ninaowasifu hapa ni wale wachache, mara nyingi akina mama, wanaojua kuchagua kitu kimoja cha zamani, kukipatia mahali, na kukisemea mgeni anapouliza.

Ufundi huo una walimu wake, nao hawakutoka ng'ambo. Upande wa Mwenga na Shabunda, Barega walikuwa na chama cha Bwami, ambamo mtu alipanda daraja kwa daraja; kwa wanaume, za juu kabisa ziliitwa yananio na kindi. Kila daraja ilikuwa na vitu vyake: vigoda, sanamu za pembe za ndovu, na vinyago vidogo vya mti vyenye ndevu ndefu za nyuzi, viitwavyo lukwakongo. Mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck, aliyeishi nao miaka ya 1950 na kutoa kitabu chake *Lega Culture* mwaka 1973, alieleza jinsi vilivyotumika. Sisi hudhani kinyago ni cha kuvaliwa usoni, basi. Lukwakongo hufungwa kwenye paji la uso, au ubavuni mwa kichwa, au mkononi. Hutundikwa kwenye uzio pamoja na wenzake, hulundikwa chini, hata huburutwa ardhini kwa kushikwa ndevu. Kila mkao una ngoma yake na methali yake. Kitu ni kile kile, lakini mahali kilipo ndipo panapoamua kinasema nini. Sijui somo la upambaji lililo kubwa kuliko hilo.

Tena vitu hivyo havikuanikwa mwaka mzima. Vilikaa ndani ya mfuko au kapu, vikatolewa siku ya shughuli, vikapakwa mafuta au udongo mweupe, vikasemewa, vikarudishwa. Mwenye nyumba anayeelewa haya haoni haya kuacha ukuta mtupu.

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku chama cha Bwami, na vitu vyake vingi vikaendelea kuvuka bahari. Viko Tervuren, Ubelgiji. Viko Los Angeles, kwenye jumba la makumbusho la Fowler, lililovifanyia maonyesho mwaka 2001 kutokana na mkusanyo wa Jay Last, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Fairchild Semiconductor. Hapa mjini Wamisionari Wasaveri wana makumbusho yao, na ningependa kila mzazi awapeleke watoto huko kabla ya kununua chochote kwa mchuuzi. Pembe za ndovu usinunue kabisa. Na kinyago ambacho muuzaji hawezi kukitaja kimetoka kijiji gani, mkononi mwa nani, kitakaa ukutani mwako kama mgeni aliyeletwa kwa nguvu.

Mkusanyo wa kweli wa nyumba ya Bukavu ni wa vitu vya kwao wenye nyumba. Kibuyu kilichobeba kasiksi, pombe ya ndizi. Chombo cha maziwa cha mti, kilichokolea weusi wa mafuta na mikono. Pasi ya mkaa. Lulanga, kinanda cha nyuzi cha kabila la Bashi, hata kama nyuzi zimekatika. Mpangilio unaonigusa kuliko yote ni fremu moja yenye vitu viwili. Kushoto kuna butega, vile vikuku vyembamba vya nyuzi za msituni vilivyosukwa magharibi mwa ziwa, ambavyo karne ya 19 vilikuwa fedha na kuvuka maji hadi Rwanda. Kulia kuna noti ya zaire 5,000,000 ya mwaka 1992. Mwaka uliofuata ilikuja zaire mpya, moja kwa 3,000,000 za zamani, na noti ile kubwa haikufika hata zaire mpya mbili. Mtoto akisimama hapo lazima aulize, na bibi yake anayo majibu ya kutosha hadi chakula cha jioni.

Mlima nao una masharti yake. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 tetemeko lilitikisa mji, na tangu hapo mtu mwenye akili huifunga rafu ukutani na kuweka vizito chini. Mvua za kuanzia Septemba huleta ukungu kwenye ngozi na vikapu. Bungua hula mti kimya kimya mpaka unga udondoke. Picha za wazee ziwe kwenye ukuta wa ndani, mbali na jua la ziwani. Katika nyumba za mbao za Kadutu, ambako ukuta haubebi uzito, nimeona vikapu vimepangwa kwa ustadi ambao majumba ya Muhumba hayana.

Halafu kuna vita. Mwaka 1996, mwaka 2004, na tena Februari 2025, watu walikimbia au walijifungia huku maduka na nyumba zikiporwa. Waporaji walitaka televisheni na magodoro, kibuyu walikiruka. Ndiyo maana nyumba nyingi zimebaki na vitu vya bibi na kupoteza vya baba.

Mama mmoja wa Bagira huweka chombo chake cha maziwa sandukuni, ndani ya kitenge. Hukitoa wageni wa mahari wanapokuja kuhesabu ng'ombe, akakiweka chini, katikati ya pande mbili, bila kusema neno. Wazee wa Walungu hukishika, hukigeuza, hubishana kimechongwa na nani. Kikao cha ng'ombe huanza baada ya ubishi huo, na mara nyingi huanza kwa sauti ya chini zaidi kuliko wageni walivyokusudia.